Mimba ya mbanguaji korosho: kilo, kliniki na likizo vilipogongana

Kisa hiki ni cha mfano. Hakuna kiwanda wala zahanati inayosemwa hapa. Mambo yanayojirudia kwa wanawake wanaobangua korosho Mtwara na Lindi yamewekwa kwa mama mmoja ili tarehe zake ziweze kuhesabiwa, maana kisa chenyewe kiko kwenye tarehe.

Ana miaka 27 na mtoto mmoja wa miaka 5. Anabangua kiwandani na analipwa kwa kilo za korosho karanga, yaani zilizobanguliwa, zinazopita mizani jioni. Barua ya ajira hana. Jina lake liko kwenye daftari la msimamizi, na yeye mwenyewe anabaki na vikaratasi vya mizani. Alianza kazi Januari. Juni kiwanda kikasimama kwa kukosa korosho ghafi, Julai kikaendelea. Mume yuko Pemba, upande wa Msumbiji, kwenye biashara ya samaki. Mama huyu anaishi na mama yake mzazi, kilomita tatu kutoka kiwandani.

Siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho ilikuwa 10 Februari. Ukiongeza siku 7 na kusogeza miezi 9 mbele unapata 17 Novemba, tarehe ya matarajio. Tarehe hiyo moja ndiyo inayobeba kliniki, likizo na chanjo za mtoto. Kila mtu aliyekutana na mama huyu aliiona kwenye kadi, lakini hakuna aliyeitumia kuhesabu kinachofuata.

Kliniki ya kwanza, wiki ya 22

Mwongozo wa taifa unataka mahudhurio 8: la kwanza kabla ya kumaliza wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Kwake wiki ya 12 ilitimia 5 Mei. Alifika kliniki 14 Julai, wiki ya 22.

Mahali pengi mama wa namna hii huandikwa "amechelewa" na kupewa somo la umuhimu wa kuwahi. Huyu somo hilo alishalisikia kwenye mimba ya kwanza. Kilichomzuia ni kilo. Kiwandani mafungu ya korosho yanagawiwa saa 1 asubuhi, na asiyekuwepo fungu lake linakwenda kwa mwingine. Kliniki inaanza saa 2 kwa elimu ya pamoja, halafu uzito, presha, mkojo, damu, foleni ya nesi na foleni ya dawa. Anatoka saa 7 mchana. Kwa karatasi amepoteza nusu siku, kwa mizani amepoteza siku nzima, tena bila mtu wa kumlalamikia, kwa sababu anayelipwa kwa kilo haandikwi kuwa hakuja kazini. Hana kilo basi.

Sababu ya pili ilikuwa mwenza. Alisikia kwamba hudhurio la kwanza sharti uende na mume, na asiye naye aende na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Ofisi ya mtaa nayo inafunguliwa saa za kazi, kwa hiyo hapo pana siku nyingine bila kilo. Kumshirikisha mwenza ni utaratibu mzuri, hasa kwa vipimo vya VVU na kaswende, lakini haukukusudiwa kuwa kizuizi cha huduma. Mama aliyekuja peke yake apimwe siku hiyo hiyo. Mazungumzo yenyewe hayahitaji hata dakika moja: "Mama, mwenza yuko wapi?" "Yuko Pemba, dada, atarudi mwezi wa kumi na mbili." Nesi anaandika kwenye kadi, kazi inaendelea.

Liko pia jambo ambalo halisemwi kliniki. Mimba changa inafichwa. Nyumbani wanaogopa maneno ya watu. Kiwandani wanaogopa kuondolewa kwenye meza ya kubangulia. Hofu hii ya pili ina msingi, kama tutakavyoona.

Vipimo vya siku hiyo: presha 110/70, VVU na kaswende hakuna, malaria kwa kipimo cha haraka hakuna, mkojo hauna protini. Wingi wa damu gramu 8.6 kwa desilita.

Damu

8.6 ni upungufu wa wastani. Chini ya 7 ndio ule mkali. Kwa kiwango hiki mama hupewa madini ya chuma maradufu: badala ya kidonge kimoja cha miligramu 60 za chuma chenye foliki asidi, anameza miligramu 120 kwa siku, anarudi kupimwa baada ya wiki 4. Vidonge vikimezwa sawasawa, damu inatarajiwa kupanda kama gramu 1 kwa muda huo. Isipopanda, kuna mambo matatu ya kuangalia: vidonge havimezwi, vinamezwa lakini mwili hauvipati, au kuna kitu kinachokula damu, na kwa kusini cha kwanza kushuku ni malaria, kisha minyoo.

Hakurudi baada ya wiki 4. Alirudi wiki ya 30, tarehe 8 Septemba, na damu ilikuwa 8.9. Nesi alimuuliza swali sahihi, ambalo si "unameza?" bali "unameza saa ngapi na nini?" Jibu likafichua yote. Alikuwa anameza asubuhi tumbo tupu, anafika kiwandani ambako harufu ya maganda yaliyochomwa imejaa, kichefuchefu kinapanda, anatapika. Akahamishia saa 4, wakati wa chai na maandazi. Chai, yenye maziwa au ya rangi, inazuia chuma kuingia mwilini. Tiba haikuhitaji dawa mpya: ameze usiku baada ya chakula, kwa maji au juisi ya ubuyu au ukwaju, na chai ikae mbali na kidonge kwa saa moja au mbili. Aambiwe pia mapema kwamba choo kitakuwa cheusi, la sivyo atadhani ameharibika tumbo na kuacha.

Malaria haiwezi kupitwa hivihivi. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022, maambukizi kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 Mtwara yalikuwa asilimia 20, ya pili nyuma ya Tabora yenye 23, huku wastani wa nchi ukiwa 8. Kwa mjamzito vijidudu vinaweza kujificha kwenye kondo la nyuma hata kipimo cha kidoleni kikawa safi. Damu inapungua polepole na mtoto anazaliwa na uzito mdogo. Ndiyo maana SP, dawa ya kukinga malaria, hutolewa hata kwa asiyeumwa: vidonge 3 kwa mara moja, vikimezwa mbele ya mhudumu, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, kila dozi ikiachana na nyingine kwa wiki 4 au zaidi, angalau dozi 3 hadi kujifungua. Mama anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP. Mwenye kidonge cha foliki asidi cha miligramu 5 abadilishiwe, maana kiwango hicho kinaipunguza SP nguvu. Kile cha miligramu 0.4 kilichochanganywa na chuma hakina shida.

Kwa mama huyu hesabu ilikuwa hivi: dozi ya kwanza wiki ya 22, ya pili wiki ya 30, ya tatu wiki ya 36. Amefikisha tatu, kwa kubahatisha. Angeanza wiki ya 14 angekuwa amekwishapata mbili kabla ya siku aliyopata ya kwanza.

Mikono

Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi. Wabanguaji hujikinga kwa majivu au kwa kupaka mafuta ya kula. Glovu zipo mahali pengine lakini nzito hupunguza kasi, na kasi ndiyo kilo. Kwa mjamzito tatizo ni mafuta hayo, moshi wa kuchoma au mvuke wa kuchemshia, na kukaa kwenye benchi lisilo na egemeo saa 9 au 10 hadi miguu inavimba. Kuvimba miguu kwa kukaa hupungua usiku. Kuvimba uso na mikono, kichwa kuuma sana, macho kuona giza au maluweluwe ni jambo jingine kabisa, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa usafiri hakuna, namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, inapigwa bure.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 33, inamkataza mwajiri kumpa mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye madhara kwake au kwa mtoto, na inamtaka ampe kazi nyingine inayofaa, pale inapowezekana, kwa masharti yasiyopungua aliyokuwa nayo. Kiwandani kazi hiyo ipo: kupanga madaraja ya korosho iliyokwishamenywa, au mizani. Shida ni kwamba akihamishwa na malipo ya huko yakawa madogo, mwenyewe atakataa. Wengi hukataa. Msimamizi anayesema "nilimwambia ahame akagoma" huwa hasemi alimwahidi kiasi gani.

Likizo ambayo haikuombwa

Hapa ndipo kisa kilipoharibika.

Wengi kiwandani wanaamini likizo ya uzazi ni ya "walioajiriwa", na kibarua wa msimu hayumo. Sheria haisemi hivyo. Ni kweli masharti ya likizo hayamhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6. Lakini mfanyakazi wa msimu ametajwa waziwazi kuwa anastahili, na aliyefanya kazi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja katika mwaka, vipindi vyake vikijumlishwa vikazidi miezi 6, naye anastahili. Mama huyu: Januari hadi Mei ni miezi 5, Julai hadi mwisho wa Oktoba ni miezi 4. Jumla 9. Kusimama kwa kiwanda mwezi Juni hakufuti kitu.

Anachotakiwa kufanya ni kimoja: kumjulisha mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, akiambatanisha uthibitisho wa daktari. Kwake mwisho ulikuwa 17 Agosti. Alipofika kliniki 14 Julai alikuwa na zaidi ya mwezi mkononi. Kama nesi angemuuliza "unafanya kazi wapi?" na kumpeleka kwa daktari kuandikiwa barua ya mistari mitatu yenye jina, umri wa mimba na tarehe ya matarajio, ikagongwa muhuri, sehemu kubwa ya tuliyonayo hapa chini isingetokea. Barua apeleke nakala mbili, moja abaki nayo ikiwa imesainiwa na aliyeipokea. Asiyetaka kusaini hata kwa jina, apelekewe mbele ya kiongozi wa chama cha wafanyakazi au mwenzake mmoja wa mezani.

Alisema mwenyewe mwishoni mwa Oktoba, tumbo likiwa limekwisha kumsema. Jibu lilikuwa la upole: "Pumzika mama, ukijifungua utarudi, nafasi yako ipo." Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemlipa. Maneno kama haya ni hatari kuliko kufukuzwa, kwa sababu hayampi mtu siku ya kuanza kulalamika.

Tuweke alichopoteza. Likizo ni siku 84 zenye malipo, 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Anayelipwa kwa kilo hukokotolewa kwa wastani wa mapato yake ya wiki 13 zilizotangulia. Tuseme angeanza likizo 3 Novemba. Wiki 13 zinaanzia 4 Agosti. Tuseme vikaratasi vya mizani vya kipindi hicho vinajumlisha shilingi 910,000. Gawa kwa 13: 70,000 kwa wiki. Siku 84 ni wiki 12, kwa hiyo 840,000. Sasa chukua mwanamke mwenye damu kidogo, anayechoka, aliyepata 520,000 tu kwa wiki hizo: wastani 40,000, likizo 480,000. Ule upungufu wa damu ambao haukutibiwa Agosti unamkata shilingi 360,000 Novemba. Ndiyo sababu vikaratasi vya mizani vihifadhiwe kwenye mfuko mmoja na kadi ya kliniki, na ndiyo sababu kumhamishia kazi ya malipo duni miezi ya mwisho ni kumwadhibu mara mbili.

Lini aanze? Sheria inaruhusu kuanzia wiki 4 kabla ya matarajio, au mapema zaidi daktari akithibitisha. Akianza 20 Oktoba, siku 84 zinaisha 11 Januari. Akianza 3 Novemba zinaisha 25 Januari. Wengi husukuma mbele ili wapate siku nyingi na mtoto, na kwa mama mwenye damu ya 12 hatuna ubishi. Kwa mwenye 8.9 kwenye benchi la kubangulia, tungempa 20 Oktoba.

Mtoto

Alijifungua 10 Novemba katika kituo cha afya, wiki ya 39, mtoto kilo 2.6. Ingawa aliambiwa apumzike, alibangua hadi siku tatu kabla. Uzazi ulikwenda vizuri. Sindano ya oksitosini, ya kuzuia kutoka damu nyingi, ilichomwa mara mtoto alipotoka, na kwa damu yake ile hiyo si ya kusahau, maana kiasi cha damu ambacho mwingine hupoteza akasimama, yeye kingemlaza. Mtoto alipewa hapo hapo BCG, chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio.

Tarehe 15 Desemba alirudi kiwandani, wiki 5 baada ya kuzaa. Sheria inakataza kazi ndani ya wiki 6 isipokuwa daktari ameruhusu. Lakini pesa zilikwisha, na msimu ulikuwa umechanganya.

Mambo mawili yakafuata. La kwanza, chanjo ya wiki 6 iliyopaswa kuwa 22 Desemba (pentavalenti, nimonia, rota na polio) ilipitwa. Bibi alikuwa nyumbani na mtoto na kadi, lakini aliamini lazima aende mama. Si lazima, yeyote mwenye mtoto na kadi anapokelewa. Chanjo ilichomwa 12 Januari, wiki ya 9. Kwa kuwa dozi zinaachana wiki 4, ya pili ikawa 9 Februari na ya tatu 9 Machi, wiki ya 17 badala ya 14. Dozi iliyochelewa haianzwi upya, inaendelezwa ilipoishia.

La pili ni maziwa. Mwajiri anatakiwa kumruhusu anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Kilomita tatu kwa mguu, kwenda na kurudi, zinazimaliza karibu zote. Inayowezekana ni bibi kumleta mtoto getini mara mbili kwa siku, na kiwanda kutoa chumba chenye kivuli, maji na sabuni mbali na moshi. Mama avue nguo ya kazi, anawe kwa sabuni hadi kwenye viwiko mara mbili tatu, afunge kanga safi, ndipo amshike mtoto. Mafuta ya ganda yakibaki kwenye vidole yanababua ziwa na shavu la mtoto, na mama mwenye ziwa lililobabuka huanza kunyonyesha upande mmoja, maziwa yanapungua, watu wanasema "maziwa yake mabaya".

Isipowezekana kumleta mtoto getini, kuna kukamua. Mikono misafi, kikombe kilichooshwa na kumwagiwa maji yaliyochemka, kidole gumba juu na vidole vingine chini ya sehemu nyeusi ya ziwa, bonyeza kuelekea kifuani kisha kamua. Maziwa yafunikwe yakae mahali pa baridi. Kwa joto la Mtwara Desemba tusihesabu zaidi ya saa 4 bila friji. Mtoto anyweshwe kwa kikombe, chupa ya chuchu iachwe dukani.

Hakuna kati ya hayo lililofanyika. Bibi akaanza uji mwepesi wa muhogo mtoto akiwa na wiki 7, kwa mapenzi na kwa kilio kilichomshinda. Wiki ya 10 mtoto akaharisha. Zahanati ilimpa chumvichumvi ya ORS, mililita 50 hadi 100 kwa kikombe na kijiko kila anapoharisha, na zinki nusu kidonge, yaani miligramu 10, kwa siku 10. Alipona, ila mstari wa uzito kwenye kadi ulilala kwa mwezi mzima.

Kilicho rahisi kubadilisha

Zahanati ina huduma ya mkoba kwa vijiji vya mbali. Kiwanda chenye mamia ya wanawake nacho ni kijiji. Nesi mmoja, mizani ya kuning'iniza, kipimo cha damu, SP, vidonge vya chuma na kasha la chanjo, mara moja kwa mwezi saa za chakula, vinatosha kwa mahudhurio mengi ya kati. La kwanza na yale ya wiki za mwisho yabaki kliniki. Mwajiri anapata kilo zake. Isipowezekana, Jumamosi moja kwa mwezi, au foleni ya mbele kwa anayekuja na kitambulisho cha kazi.

Kiwandani, fungu la mama wa kliniki liwekwe hadi saa 8 mchana. Ni amri ya msimamizi tu, haihitaji bajeti.

Muda wa kudai

Mama huyu alianza kuuliza haki yake Machi. Mgogoro wa malipo ya likizo unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu. Amechelewa, kwa hiyo fomu yake ya madai iambatane na maombi ya kuongezewa muda yenye sababu na ushahidi: kadi za kliniki za mama na mtoto, vikaratasi vya mizani, majina ya wenzake wa mezani. Akiambiwa hana mkataba, mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kutoa maelezo ya ajira kwa maandishi, na asipoyaleta mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni mlango mwingine. Fao la uzazi linataka michango isiyopungua miezi 36, ambayo 12 iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua, na dai liletwe ndani ya siku 90 baada ya kuzaa, kwake 8 Februari. Yeye hakuwa ameandikishwa kabisa. Kwa mimba ijayo jambo la kwanza kuuliza ni namba ya uanachama, na la pili ni kuangalia kama michango inaingia kweli, kwa sababu makato kwenye mshahara na michango kwenye mfuko si lazima viwe kitu kimoja.